Mwalimu Klachi na Gari la Mkewe

Watu wengi mtaani kwetu hawajui jina lake halisi. Hata mwenye nyumba aliyempangisha ofisi humwandikia barua: "Kwa Mwalimu Klachi." Amefundisha udereva miaka thelathini na mitatu, kwa gari dogo jeupe lenye herufi nyekundu mbele na nyuma, na mwanafunzi wake haondoki pale mpaka klachi imemwingia kwenye damu. Mimi mwenyewe nilipita mikononi mwake. Siku ya kwanza sikugusa usukani. Nilikaa kitini, injini imezimwa, nikawa nakanyaga klachi na kuiachia, nakanyaga na kuiachia, mara mia, naye pembeni anahesabu kwa sauti kama mtu anayepokea magunia ghalani. Nikamuuliza tutaondoka lini.

"Ukiwa na haraka," akanijibu, "kapande baiskeli."

Magari ya otomatiki alikuwa hataki hata kuyasikia. Likipita moja barabarani alikuwa anageuza uso, kama aliyekutana na mtu aliyemtukania mama. "Lile si gari," alikuwa anasema. "Ni kochi lenye magurudumu. Dereva hana kazi, kakaa tu kama bwana harusi."

Sasa ya Mungu mengi. Mjomba wa mkewe alipofariki, alimwachia mpwa wake gari, na gari lenyewe lilikuwa otomatiki.

Mkewe alikuwa mkunga. Alikuwa amestaafu mwaka mmoja tu kabla ya hapo, baada ya kupokea watoto wa nusu ya mji, na alikuwa na ile sauti ya watu waliozoea kutiiwa bila kupaza. Gari alilorithi lilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yao: refu, rangi ya chai ya maziwa, bampa za kung'aa, kiti cha mbele kimoja kirefu kama benchi. Mkono wa gia ulitokeza kwenye shingo ya usukani, na juu yake kulikuwa na kidirisha chenye herufi za kuonyesha gari limesimama, linarudi nyuma au linakwenda. Mjomba alilitunza miaka yote chini ya turubai, na alimfundisha mpwa wake kuliendesha kwa mchana mmoja.

Mumewe alishawahi kujaribu kumfundisha, wakiwa bado maharusi. Siku ya tatu, gari likiwa limezimika katikati ya mzunguko mkubwa wa mjini na mume anaeleza kwa mara ya tisa klachi ni nini, bibi harusi alifungua mlango, akashuka, akavuka barabara na kwenda zake nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo habari za masomo hazikuzungumzwa tena ndani ya nyumba ile.

Kwa hiyo mkunga alipata gari lake, na akalipenda. Asubuhi alitundika mkoba wake kwenye ule mkono wa gia, akawasha, akaenda sokoni, akarudi. Mume akipewa lifti alikaa mikono magotini, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

Furaha hiyo ilidumu miezi minane. Asubuhi moja wakiwa wote wawili, kwenye mteremko wa mbele ya benki, injini ilinguruma kwa nguvu lakini gari halikwenda. Mkunga akaongeza mafuta. Injini ikapiga kelele zaidi, harufu ya mafuta yaliyoungua ikajaa ndani, na gari, badala ya kupanda, likaanza kurudi kinyumenyume taratibu, kwa adabu kabisa, mpaka likaegemea pipa la maua.

"Limechoka," akasema mkunga.

Mumewe aligeukia dirisha. Lakini mkewe alimtazama usoni, na alichokiona hakukipenda.

"Baba watoto, unacheka?"

"Nani, mimi? Jua tu limenipiga machoni."

Asubuhi ile kulikuwa na mawingu.

Fundi waliyempelekea gari alikuwa na gereji nyuma ya uwanja wa mbao, na watu walimwita Fundi Kimya, kwa sababu maneno kwake yalikuwa kama misumari ya ukubwa usiopatikana: hakuitumia ovyo. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akakinusa, akampa mkunga naye anuse. Mafuta yalikuwa meusi kama kahawa.

"Imekufa," akasema fundi.

"Giaboksi?"

"Mm."

"Na nyingine ya aina hii?"

Fundi akatikisa kichwa. Kisha akaelekeza kidole gumba kwenye kona ya uwanja. Pale kulikuwa na gari jingine la aina ileile, limegongwa nyuma vibaya, lakini mbele zima. Mwalimu Klachi alikuwa ameshalifikia, ameshachungulia dirishani.

"Lina klachi!" akapiga ukelele. "Mama watoto, njoo uone! Pedali tatu!"

Mkunga alikwenda kuona, akazihesabu pedali, akarudi nyumbani. Kesho yake wakati wa chai ya asubuhi akaweka kikombe chini, akasema, "Sawa. Afunge hiyo ya klachi. Lakini gari ni langu."

"Ni lako, nani kakataa?"

"Na wewe hunifundishi."

Mwalimu alifungua mdomo.

"Hata neno moja," mkewe akaongeza. "Na ule mkono wa gia wa zamani asiung'oe. Ndipo ninapotundika mkoba wangu."

Mwalimu akakubali yote. Kisha akaenda ofisini kwake, akajipa likizo.

Kila asubuhi alifika gereji na kiti cha kukunja na chupa ya chai, akaketi mita moja kutoka miguu ya Fundi Kimya iliyotokeza chini ya gari. Alitoa ushauri. Alieleza historia ya klachi. Alisimulia habari za mwanafunzi wake mmoja aliyegonga ukuta wa ofisi ya watu wa leseni siku ileile aliyopewa leseni. Siku ya pili fundi alimpa tochi amshikie, kwa matumaini kwamba mtu mwenye kazi huongea kidogo. Tumaini halikutimia: Mwalimu aliimulika kila sehemu aliyoizungumzia yeye, na fundi akajifunza kufunga nati gizani.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri hata hivyo. Giaboksi ya zamani ilishushwa, nene kama mbuzi mwenye mimba. Pedali ya breki, pana kama sahani, ikatolewa, zikafungwa mbili nyembamba, ya klachi na ya breki. Sakafu ikakatwa tundu la mkono mpya wa gia. Ile shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma ikatolewa kwenye gari bovu, kwa sababu ya zamani ilipungua urefu wa kiganja. Ikaja diski mpya ya klachi. Na ikabaki bushi.

Bushi hii ni kipete cha shaba, si kikubwa kuliko kifuniko cha chupa. Hukaa katikati kabisa, nyuma ya injini, na ncha ya giaboksi huegemea ndani yake. Ukikiona mezani huwezi kukipa heshima yoyote. Fundi alikipaka grisi, akakitoa nje kwa mkono kutoka chini ya gari.

"Shika. Iweke."

Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza anafika mahali ambapo mwanafunzi wake anauona ukuta. Akakishika, akakitia mfuko wa shati ili apate mikono yote miwili ya kuonyesha ukuta ulivyokuja. Mara mteja akaita nje, fundi akatoka. Mwalimu akaona ni wakati mzuri wa kunywa chai, akammiminia fundi kikombe, akatia sukari. Fundi alirudi dakika kumi baadaye, akajilaza tena chini ya gari.

"Umeweka?" akauliza.

"Nimeweka zamani," akajibu Mwalimu, akikoroga sukari.

Jioni giaboksi ikapandishwa, ikafungwa.

Kesho yake gari liliwashwa, na kila aliyekuwa uwanja wa mbao alitoka kuangalia. Ukikanyaga klachi, chini kulilia kama paka aliyefungiwa kwenye debe. Ukijaribu kuingiza gia, meno yalisagana mpaka fundi mwenyewe akafumba macho.

"Hapa, fundi, utanisamehe," akasema Mwalimu, "lakini umeharibu."

Fundi Kimya alijikuna kichwa. Alikagua diski, akakagua nyaya, akakagua pedali. Mwalimu alimfuata nyuma hatua kwa hatua kwa siku mbili, akimweleza kwamba mafundi wa siku hizi wana haraka, hawako makini, kitu kidogo tu kinawapita. "Ufundi ni kumbukumbu," alimwambia. "Mimi siwezi kusahau kitu. Siwezi!"

Siku ya tatu mkunga alifua nguo.

Alikuwa na desturi ya kupekua mifuko kwanza. Kwenye shati la mumewe akakuta pete. Haikuwa dhahabu, aliona hivyo mara moja, lakini ilikuwa nyororo, imepakwa mafuta, na imewekwa mfuko wa kifuani, upande wa moyo. Akaijaribu kwenye kidole cha pili. Ikaingia vizuri, ikavuka kifundo. Alipoivuta ikakataa kutoka.

Mchana mumewe alikuwa mezani, kijiko kiko njiani kwenda mdomoni, mkewe aliposimama mbele yake na kuinua kidole.

"Baba watoto. Hii pete ni ya nani?"

"Pete gani?"

"Niliyoikuta kwenye shati lako."

Akatazama. Kijiko kikarudi kwenye sahani chenyewe. Alituambia baadaye kwamba kwa muda kama wa nusu dakika alikaa akipima lipi jepesi: kudhaniwa ana nyumba ndogo, au kwenda kumwambia Fundi Kimya ukweli. Na anaapa kwamba mizani haikulala haraka.

"Ni ya giaboksi," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Huyo Giaboksi ni nani?"

"Si mtu, mama watoto—"

"Anakaa wapi?"

"Si mtu! Ni giaboksi! Giaboksi ya gari lako! Hicho ni kitu cha ndani ya gari!"

Mkunga alimtazama kwa makini, kama anavyotazamwa mwanamke anayesema uchungu haujaanza. Kisha akavaa viatu.

Walikwenda gereji kwa miguu, mke mbele, kidole juu, mume nyuma hatua kumi. Fundi Kimya alikuwa amekaa juu ya tairi, ameshika kichwa. Aliona kidole kikija. Akakitazama. Akamtazama Mwalimu. Akakitazama tena kidole, kwa muda mrefu, na watu wa uwanja wa mbao wanasema ndipo walipomsikia akitoa sentensi ndefu kuliko zote za maisha yake.

"Mwalimu, samahani, hivi hiyo likizo yako inakwisha lini?"

"Kwa hiyo ni kweli ni ya gari?" mkunga akauliza.

"Mm."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akaegemea boneti, na kila alipomwona mumewe amesimama pale, ameshika mfuko wa shati mtupu, kicheko kilianza upya. Kutoa bushi ilikuwa kazi nyingine. Walijaribu grisi, wakajaribu sabuni, fundi akaleta spana kisha akairudisha mwenyewe baada ya kutazamwa. Mwishowe mkunga akaomba uzi, akauzungusha kidoleni kuanzia chini ya bushi hadi ukucha, akaanza kuufungua toka upande wa kiganja, na bushi ikapanda nao polepole mpaka ikadondoka kwenye kiganja cha fundi. Fundi hakumpa mtu mwingine aishike. Aliitia mdomoni, akaingia chini ya gari nayo.

Mwalimu alipigwa marufuku kukanyaga gereji mpaka kazi iishe. Hakubisha. Alirudi kazini siku nne kabla ya likizo kwisha, na alimwomba radhi Fundi Kimya mbele ya watu wote wa mbao, jambo ambalo kwa mtu kama yeye lilikuwa sawa na kumeza bushi yenyewe.

Kwa sababu ya marufuku hiyo, kuna mambo mawili hakuyajua. La kwanza lilihusu ule mkono wa gia wa zamani. Magari ya otomatiki ya aina ile yana waya unaokataza stata kuwaka mpaka mkono uwe juu kabisa, mahali pa kusimama. Fundi angeweza kuukata. Hakuukata.

"Kinga ya wizi," alimwambia mkunga. "Mkono ukiwa chini, haliwaki."

"Na nani anajua?"

Fundi akajielekezea kidole, akamwelekezea mkunga, basi.

La pili ni kwamba Fundi Kimya alimfundisha mkunga kuendesha. Walitumia uwanja wa mbao, jioni, magogo yakiwa yamesogezwa. Fundi alikaa pembeni, akakunja mikono. Gari likizimika hakusema neno, alisubiri tu, kama anayesubiri basi. Siku ya kwanza lilizimika mara kumi na moja. Siku ya tano halikuzimika hata mara moja.

Nimesema hakuyajua mawili, lakini hili la pili alilijua nusu. Mara tatu Mwalimu alijificha nyuma ya rundo la mbao akachungulia, akiuma ngumi asipige kelele ya "Pole pole!" Jioni ya tatu mkewe alimpangusa nywele sebuleni.

"Leo umefundishia wapi, baba watoto? Mbona una unga wa mbao mpaka masikioni?"

Kadi ya gari ilikuwa bado imeandikwa otomatiki, na ili kubadilisha ilibidi lipite ukaguzi. Mwalimu alivaa shati lake la kutokea, maana pale ukaguzi kila mtu anamfahamu. Mkaguzi mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, ambaye alipata kurudishwa wiki nzima kwenye somo la kuondoka mlimani. Na mtihani wenyewe ulikuwa huohuo: nyuma ya ofisi kulikuwa na mlima mdogo wa saruji, na gari lililobadilishwa giaboksi lilitakiwa lipande, lisimame katikati, liondoke bila kurudi nyuma hata upana wa kidole. Chini yake wamepanga foleni wanafunzi wa siku hiyo. Sita walikuwa wa Mwalimu.

"Hapa," Mwalimu akamwambia mkewe, "niachie mimi."

Mkunga alimpa funguo, akahamia upande wa pili, akatundika mkoba mahali pake.

Sasa kuna jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria, hata Mwalimu. Kwa miaka thelathini na mitatu alikuwa amekaa kiti cha pembeni. Usukani aliushika akipeleka gari kuoshwa, basi. Na klachi ya gari hili ilikuwa mpya, inashika juu, karibu mwisho. Alipanda vizuri. Akasimama katikati, akavuta breki ya mkono. Akaachia klachi, na injini ikazimika.

"Linajizoeza," akasema.

Akawasha tena. Safari hii aliongeza mafuta mengi, gari likaruka kama chura, mara moja tu, likazimika. Kule chini foleni nzima ikanyoosha shingo. Akageuza ufunguo kwa mara ya tatu, na hakukutokea kitu. Hata kukohoa hakuna.

"Betri!" akasema. Jasho jembamba lilikuwa linamshuka. "Ni betri! Nilijua! Huyu fundi—"

"Baba watoto."

"Nimewaambia mafundi wa siku hizi—"

"Mkoba wangu."

Mruko wa chura ulikuwa umeutikisa mkoba, na mkoba umeuvuta ule mkono wa zamani chini. Mkunga akautoa, akausukuma mkono juu, akaupakata mkoba. "Washa sasa."

Gari likawaka. Mwalimu alimgeukia mkewe na macho ambayo sisi wanafunzi wake tunayajua vizuri, kwa sababu ndiyo tuliyokuwa tukimgeuzia yeye.

"Nifanyeje?" akanong'ona.

Mkunga alitumia ile sauti ya kazini. "Pumua kwanza. Usisukume. Usisukume bado, nakwambia. Legeza mguu... taratibu... unasikia gari linataka? Lisubiri. Haya, sasa!"

Gari likaondoka kama siagi juu ya mkate wa moto.

Mkaguzi, ambaye alikuwa amejifunika uso kwa jalada lake muda wote, alilishusha. "Kadi ina jina la mama," akasema. "Naye apande."

Akapanda, akasimama, akaondoka. Mara moja.

"Nani kakufundisha, mama?" mkaguzi akauliza. Mwalimu aliinua kidevu kwa mazoea.

"Fundi wa gari."

"Alikwambiaje?"

"Hakuniambia kitu," akasema mkunga.

Wote tulidhani Mwalimu Klachi atajificha wiki nzima. Kumbe kesho yake asubuhi aliwaita wanafunzi wake ofisini, akawasimulia mwenyewe yaliyotokea mlimani, na kwa mdomo wake gari lilizimika mara tano, si mbili, kwa sababu alishindwa kusimulia kitu bila kukinogesha. Zile mara mia za kukanyaga klachi alizipunguza zikawa ishirini. Otomatiki bado anazisema vibaya, ila sasa anaanza na "kwa maoni yangu."

Mwezi uliofuata walikwenda kumtembelea shemeji yake, mdogo wa mkunga, mji wa mbali, safari ya saa sita. Mkunga aliendesha kwenda na kurudi. Mumewe alitoa mashauri mpaka daraja la kwanza, kisha usingizi ukamchukua, mdomo wazi, na walipofika mdogo mtu alikuja mbio mlangoni.

"Shemeji vipi, anaumwa?"

"Amelala tu," mkunga akasema, akifunga mlango wa gari polepole. "Mwache. Chai ikiwa tayari tutamwamsha."